Chochote Atakachosema

Ijumaa, Novemba 1984, saa tisa alasiri

Mawingu yamesimama tangu asubuhi na hayashuki. Hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Wakulima wanatazama juu kwa hamu. Mimi natazama njia ya kwenda kijijini kwa kina Limi na kuomba isinyeshe kabla sijafika.

Naandika nikiwa kwenye benchi nyuma ya wodi ya watoto. Fundi anaziba pancha ya baiskeli ya Mama Tabitha, matundu mawili, na mpaka amalize sijui niiweke wapi mikono yangu. Basi acha iandike.

Nianze kwa kukiri. Kuna kosa nimelifanya, tena kwa mwandiko mzuri, na chini yake nikatia sahihi.

Huu ni mwezi wangu wa nne hapa hospitali. Chuo cha ualimu kilinileta kwa mazoezi, nimsaidie Mama Tabitha, nesi aliyesomea kazi ya kuwafundisha watoto kusema. Chumba chetu zamani kilikuwa stoo ya mablanketi. Tuna kioo kimoja, mshumaa wa kupuliza, manyoya ya kuku, kopo la karanga za kuwatuza wanaojitahidi, na picha nilizochora mwenyewe. Ng'ombe wangu anafanana na meza, lakini watoto wameshamzoea. Yupo mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka akashonwa, wapo walioachiwa uziwi na homa ya uti wa mgongo. Na yupo Limi.

Limi ana miaka sita. Anasikia vizuri, anakula, anacheka, ila alikuwa hajawahi kutamka neno. Mama yake alifariki akimzaa. Baba yake alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, na kila anayerudi kutoka huko anasema alimwona mahali tofauti. Anayemlea ni Bibi Nkwimba, mzaa mama yake, aliyehama kwao na kuja kukaa ugenini, kwa wakwe wa marehemu binti yake, kwa sababu ya huyu mtoto tu. Kila Ijumaa anamleta kliniki. Ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na sehemu kubwa ya njia Limi yuko mgongoni ingawa miguu yake ni mizima na mizito. Nikimwambia amshushe, anacheka.

"Atatembea akichoka kubebwa," anasema.

Nampenda yule mama. Nilipofika hapa nikiwa mgeni, Msumbwa wa Ushirombo mwenye Kisukuma cha kununulia nyanya tu, yeye ndiye aliyenisahihisha bila kunicheka.

Mwenye mji wanakoishi ni Masanja, baba mdogo wa Limi. Mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Mwaka huu amezika watoto wawili, mmoja wakati wa kupalilia na mwingine wakati wa kuvuna. Kila alipokutana nami aliuliza jambo moja: ameshasema? Na si yeye peke yake. Majirani zake wakija kutibiwa wananiuliza, ameshasema? Mwanamke nisiyemjua alinishika mkono sokoni Ngokolo, mbele ya mafungu ya dagaa: yule mtoto, mwalimu, ameshasema?

Nilifurahi sana. Nilimsimulia shangazi, ninayekaa kwake, jinsi kijiji kizima kinavyompenda mtoto yatima. Shangazi alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Mtoto wa mwenzio hangojwi hivyo bure," alisema.

Nikamwona ana roho ya kutu.

Sasa kosa lenyewe. Kuna zoezi tunaliita chagua. Unamwonyesha mtoto vitu viwili, unavitaja, unangoja. Mwezi wa kumi, Mama Tabitha akiwa Kahama kwa wiki nzima, nilishika kikombe cha maji na kikombe cha uji. Nikamuuliza Limi, maji au uji? Akanitazama midomo. Akasema, "Uji."

Nilicheza mle ndani peke yangu. Bibi Nkwimba alipiga vigelegele mpaka wauguzi wakaja kuchungulia. Nilichukua daftari la nyumbani la Limi, lile tunaloandika kazi za wiki, nikaandika kwa wino mweusi: Kila siku mpeni Limi maswali ya kuchagua mawili. Msimsaidie. Mngojeni ajibu mwenyewe. Chochote atakachosema, kipokeeni. Nikatia sahihi, Mwalimu Veronika.

Mama Tabitha aliporudi nilimwonyesha ushindi wangu. Akachukua vikombe vile vile, akageuza maneno tu. Uji au maji? "Maji," Limi akasema. Alipopewa maji akayasukuma na kulia, maana alitaka uji.

"Hajachagua," Mama Tabitha aliniambia. "Anaokota neno lililodondoka mwisho. Ni hatua nzuri, lakini si jibu. Waandikie walezi leo leo wajue."

Sikuwaandikia.

Hapa ndipo pananiuma. Masanja alikuwa ameniletea jogoo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja, wabeja," akaniita mtaalamu mbele ya foleni nzima ya wagonjwa wa nje. Ningeandikaje kwamba mtaalamu alikosea? Nikajiambia nitamfundisha Limi kuchagua kwelikweli kwanza, na kosa litajifuta lenyewe. Wiki tatu hizi tumefanya kazi hiyo, kitu anachokipenda tunakitaja kwanza, tunangoja, tunangoja tena. Kila mara aliokota cha mwisho. Daftari likaendelea kwenda na kurudi na maneno yangu yale yale ndani.

Juzi Jumatano Masanja alikuja hospitali akiwa peke yake. "Mwalimu, kesho uje kijijini," alisema. "Mtoto amesema."

Nilivaa kitenge changu cha kutokea. Naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Jana nilipanda baiskeli nikiimba, nikidhani nimealikwa kwenye furaha, na nikajilaumu kwamba sikuwa na sukari hata robo ya kuwapelekea.

Nilikuta kijiji kizima kimekaa. Hicho kikao chao wanakiita dagashida, na hakuna anayeruhusiwa kukikosa. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuwa wamesimama pembeni na pinde zao, filimbi shingoni. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Na peke yake, juani, akiwa amekaa chini bila kigoda, alikuwa Bibi Nkwimba. Kati yake na mtu wa karibu yake palikuwa na nafasi ya kupita mkokoteni wa ng'ombe.

Nilimwamkia shikamoo kutoka mbali. Aliitikia marahaba. Nikagundua watu wamenigeukia wote kwa sababu nimemsalimu.

Masanja alisimama akazungumza, na hakuzungumza kwa ukali. Alilia. Alitaja majina ya watoto wake waliokufa. Alisema alikwenda kwa mfumu, yule mganga wao wa kupiga ramli, ambaye alipasua kuku akamwambia kwamba ndani ya mji wake yuko anayewala watoto, na kwamba Limi anamjua, ndiyo maana alifungwa mdomo. Mngojeni mtoto, mfumu alisema. Siku atakapofunguka atamtaja.

Kumbe ndicho walichokuwa wakiniuliza miezi yote ile. Kijiji kilikuwa kinangoja shahidi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandaa, kila Ijumaa, kwa karanga.

Masanja akaendelea. Jumapili, mbele ya wazee wanne, walimuuliza Limi aliyemfunga mdomo ni shetani au ni Bibi. Mtoto akasema, "Bibi." Wakauliza mara tatu. Mara tatu akasema, "Bibi." Kisha Masanja akalitoa daftari langu kifuani, akalifungua, akasoma kwa sauti na kwa Kiswahili safi: Msimsaidie. Mngojeni ajibu mwenyewe. Chochote atakachosema, kipokeeni.

"Si maneno yangu," alisema. "Ni ya hospitali. Mwandishi wake huyu hapa."

Nilisimama bila kuombwa, jambo ambalo mwanamke hafanyi pale, tena msichana wa kuja. Nilimwamkia ntemi, mkuu wa Sungusungu, nikamwomba ruhusa niwaonyeshe kitu. Nikasema nilikosea, mtoto hajibu, anarudia la mwisho tu. Kisukuma changu kiliteleza na mtu mmoja akacheka, lakini ntemi aliitikia kwa kichwa nikakubaliwa.

Wakamleta Limi katikati. Nikachuchumaa mbele yake.

Ng'ombe au mbuzi? "Mbuzi." Mbuzi au ng'ombe? "Ng'ombe." Watu wakaanza kunong'ona. Mvua au jua? "Jua." Jua au mvua? "Mvua." Nikapata ujasiri wa kijinga, nikauliza, ntemi au fisi? "Fisi," Limi akasema, na dagashida nzima ikaangua kicheko, hata ntemi mwenyewe akafunika mdomo. Nilimwona Masanja akilitazama daftari kana kwamba amelisoma vibaya. Nilijiona nimeshinda. Laiti ningeomba kukaa wakati ule.

Lakini ntemi alisema, "Basi, mwalimu, muulize lile lenyewe. Ligeuze kama ulivyogeuza haya."

Sikuogopa hata kidogo. Nilipanga maneno vizuri, Bibi kwanza, mimi mwisho. Nikauliza, Limi, aliyekufunga mdomo ni Bibi au ni Mwalimu? Angesema Mwalimu, watu wangecheka tena, na mambo yangeishia hapo.

Limi hakuokota neno. Aliniangalia usoni, akageuka akawaangalia wale watu wote, kisha akamwona bibi yake kule juani. Aliangalia kwa muda mrefu. Nikaona midomo inajiandaa, kama tulivyojifunza mbele ya kioo.

"Bibi," akasema. Akanyoosha mkono, akamkimbilia.

Na mimi, Mungu anisamehe, niliruka juu nikapaza sauti, "Amechagua!"

Lilinitoka lenyewe. Wiki tatu nilikuwa nalingoja tendo lile moja, mtoto aache neno la mwisho achukue analolitaka. Alikuwa amechoka na kelele na nyuso za watu, alimtaka bibi yake, akamwita. Hakuna kingine. Sekunde nzima nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Shinyanga. Kisha nikasikia kimya.

Aliyefurahi pamoja nami alikuwa mmoja tu. Bibi Nkwimba alikuwa amemkumbatia Limi, anacheka na machozi yanamtoka. "Kaniita," alikuwa anasema, anageuza uso huku na huku awaambie watu. "Mmesikia? Kaniita mtoto wangu." Mama mmoja alivuta mwanawe akamficha nyuma ya kanga yake.

Nilijaribu kueleza. Niliongea mpaka sauti ikakauka. Ntemi hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema nimefanya kazi yangu vizuri, mtoto sasa anachagua, mwenyewe nimethibitisha mbele ya wote. Uamuzi utatolewa Jumamosi. Filimbi ikapulizwa, watu wakainuka.

Kila mtu mkoa huu anajua ajuza aliyetajwa anafanywa nini, hata kama hakuna anayelisema. Kwanza ananyimwa moto na maji. Halafu asubuhi moja anakutwa mlangoni kwake amekatwa mapanga, na hakuna aliyesikia kitu.

Nilimfuata Bibi Nkwimba. Nilimwambia tuondoke saa ile ile, nimpeleke stendi apande basi la Kahama, aende kwa binti yake mdogo anayeuza mchele. Alinisikiliza vizuri sana.

"Na Limi?"

Nikamwambia Masanja hawezi kumtoa mtoto wa ndugu yake, lakini tutamfuata baadaye.

"Miaka sita nangoja aniite," alisema. "Leo kaniita, mwanangu. Ndiyo leo niondoke?"

Nilipanda baiskeli nikarudi peke yangu.

Jana jioni nilimweleza Mama Tabitha yote, na la daftari pia. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Leo asubuhi na mapema tulikwenda kwenye ofisi moja ya serikali mjini, tukapokewa na bwana mmoja mwenye kalamu nne mfukoni. Aliuliza kama kuna mtu ameumizwa. Tukasema bado. Akasema basi bado hakuna tukio, tukileta tukio watakuja.

Tuliporudi, Limi alikuwa amefika kliniki. Alikuwa ameletwa na Masanja, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli.

Miezi minne, haijapita Ijumaa bila Bibi Nkwimba. Nilimuuliza Masanja yuko wapi. "Yupo," alisema. Nikauliza mbona hakuja. "Yupo tu, mwalimu," na akaangalia ukutani, penye picha ya ng'ombe wangu.

Hakuwa amekuja kwa ajili ya kliniki. Alifungua daftari penye maneno yangu, akaomba apigiwe muhuri wa hospitali chini ya sahihi yangu, ili kesho asitokee mtu wa kusema wamembambikia mama wa watu. Aliomba kwa adabu kabisa, kofia mkononi. Yule baba anaamini. Nikimchukia inanibidi nikumbuke kwamba amezika wawili mwaka huu, na kwamba ushahidi alioubeba kifuani nimempa mimi.

Mama Tabitha alilichukua daftari kama mtu anayekwenda kulipiga muhuri, akalitia mfukoni mwa sare yake. Kisha akamgusa Limi shingoni. "Huyu ana homa," alisema. "Analazwa."

Masanja naye akamgusa. Mtoto hakuwa na joto lolote. Walitazamana kwa muda, yeye na Mama Tabitha, na wote wawili walijua.

Lakini hospitali zetu zina sheria ambayo hata Sungusungu wanaiheshimu. Mgonjwa hakai wodini bila muuguzaji wa kumpikia, kumwosha na kulala chini ya kitanda chake, na anayeitwa kuuguza hazuiliwi. Mama Tabitha akasema aletwe bibi. Masanja akasema ataleta mke wake. Mama Tabitha akasema mtoto huyu hali kwa mkono mwingine, rejista yetu inaonyesha hivyo, na akilala na njaa ataandika ni nani aliyemzuia bibi yake. Akaandika barua, akaipiga ule muhuri. Masanja hakuipokea.

"Nitawaambia wazee," alisema, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Hiyo ilikuwa saa saba na nusu. Nilitaka kumfuata palepale, ndipo tukakuta tairi la Mama Tabitha limelala. Barua ninayo mimi. Mpango ni kwamba nifike, nimkabidhi ntemi mwenyewe mbele ya watu, nimpakie Bibi Nkwimba nyuma na kuondoka naye kabla ya kesho. Akishakuwa humu ndani na Limi wake, kuna gari la hospitali linalokwenda Kahama Jumatatu kufuata dawa, na litakuwa na nafasi mbili. Mpango mzuri. Hata ule wa daftari niliuona mzuri.

Nilipitia wodini kabla ya kuja kukaa hapa. Limi yuko kitanda cha dirishani, amevalishwa gauni la wodi linalomzidi. Nikamshikia vikombe viwili. Uji au maji? "Bibi," akasema. Karanga au ndizi? "Bibi." Kulala au kucheza? "Bibi." Hakulia. Alikuwa anajibu tu, safi, kila herufi mahali pake, kama nilivyomfundisha.

Nilimwambia nakwenda kumleta. Kisha nikafanya ambalo sijawahi kulifanya kwake. Nikamuuliza swali lisilo na vitu viwili ndani yake, swali ambalo hana pa kuokotea jibu. Limi, ulimwacha Bibi wapi leo asubuhi?

Alinitazama midomo akingoja nimalizie. Sikumalizia. Akavuta shuka mpaka kidevuni, akafunga mdomo wake kwa viganja viwili, akakaa hivyo. Mama wa kitanda cha jirani alijaribu kumshusha mikono akashindwa.

Sijui maana yake. Nakataa kuijua.

Fundi ananiita, tairi limejaa. Ni saa moja ya mwendo nikikanyaga bila kupumzika, na Masanja amenitangulia kwa saa moja na nusu. Tone la kwanza limeanguka hapa kwenye karatasi. Kesho ni Jumamosi. Mungu wangu, yule mama awe bado yuko hai kuingoja.